Watu wa Mbali, kwa Senti Kumi

Leo nakupeleka Marekani ya karne ya 19, kwenye uwanja wa sarakasi. Hatutaingia kwenye hema kubwa la farasi, tembo na watu wanaoruka kwenye bembea. Tutasimama nje, mbele ya hema dogo lililo kando ya njia, tuangalie picha zilizopakwa kwenye maturubai na tumsikilize anayeita watu. Maana kazi kubwa ilifanyika hapo nje, kabla mtu hajakata tiketi.

Nianze na ndugu wawili. Mabango yaliwaita Watu-mwitu wa Borneo, majina yao Waino na Plutanor. Walikuwa wafupi, kimo chao kama mita moja tu, na walikuwa na nguvu za kushangaza. Waliweza kumnyanyua mwanamume mzima. Kijitabu kilichouzwa hemani kilisimulia jinsi mabaharia walivyowakamata Borneo baada ya mapambano makali. Majina yao halisi yalikuwa Hiram na Barney Davis. Mmoja alizaliwa Uingereza, mwingine Long Island, karibu na jiji la New York, na walikulia shambani, Ohio. Borneo hawakuifahamu. Walianza kuonyeshwa mwaka 1852, na hata Hiram alipofariki mwaka 1905, umma ulimjua bado kama mtu-mwitu aliyevuliwa kutoka bahari za Asia.

Nikiwatazama ndugu hawa naona biashara nzima ilivyokuwa. Mtu mfupi sana, mtu mnene sana, mwanamke mwenye ndevu, hao huzaliwa kila nchi, na majirani zao huwazoea baada ya muda. Wenye sarakasi waliuza umbali. Walimchukua mtu wa karibu, wakampeleka mbali kwa maneno na rangi, kisha wakamrudisha hadi kijijini kwako, na wewe ukalipa senti 10 kwa sababu ya safari hiyo ambayo hakuisafiri.

Aliyewafundisha wengi kazi hii ni Phineas Taylor Barnum, mzaliwa wa Bethel, Connecticut, mwaka 1810. Akiwa kijana wa miaka 25 alinunua haki ya kumwonyesha mwanamke mtumwa, mzee, kipofu, aliyepooza, jina lake Joice Heth. Matangazo yalisema ana umri wa miaka 161 na kwamba ndiye aliyemlea George Washington, rais wa kwanza wa nchi hiyo. Safari hii umbali ulikuwa wa miaka. Washington alikwisha kufa tangu 1799. Ni nani angesimama kumkanusha bibi huyu? Watu walipoanza kupungua mlangoni, gazeti moja likapata barua isiyo na jina. Ilidai kwamba Joice Heth si binadamu, ni mashine iliyoundwa kwa mifupa ya nyangumi na mpira. Barua hiyo ilitoka upande wa Barnum mwenyewe. Waliokwisha kumwona wakarudi kumwona tena, wakalipa tena, ili wahakikishe.

Februari 1836 Joice Heth akafariki. Barnum akapanga mwili wake upasuliwe hadharani mjini New York, kiingilio senti 50, na watu kama 1,500 wakalipa. Daktari aliyepasua akasema mama huyu hakuzidi miaka 80. Magazeti yakabishana: ni yeye kweli, au ni maiti ya mtu mwingine? Ubishi ukawa tangazo jipya. Barnum husimuliwa mara nyingi kama mjanja mcheshi, baba wa matangazo ya kisasa, na kweli ana visa vingi vya kuchekesha. Mimi nikifika kwenye zile senti 50 kicheko hunikwama.

Mwaka 1842 akaja na nguva wa Fiji. Kabla ya kumwonyesha, aliwazungukia wahariri wa New York mmoja mmoja, kila mmoja akampa picha ya nguva mrembo, nywele ndefu, kifua wazi, akijifanya kwamba yeye haihitaji tena. Kila mhariri akadhani amepewa yeye peke yake. Picha zikatoka siku moja. Vijitabu 10,000 vikatawanywa mjini. Waliofika kwenye kioo walikuta kitu kikavu, cheusi, kiwiliwili cha nyani kilichoshonewa mkia wa samaki, uso umekunjamana kama wa aliyekufa kwa uchungu. Barnum aliandika baadaye kwamba mapato ya jumba lake la maonyesho pale Broadway yalikaribia mara tatu ya kawaida.

Lakini jumba halitembei. Mwaka 1871 Barnum aliungana na wenye sarakasi wawili, William Coup na Dan Castello, na mwaka uliofuata wakaipandisha sarakasi yao kwenye treni. Hapo matangazo yakapata miguu, na hapa naomba nikae kidogo, kwa kuwa watu hawa walikuwa mafundi hasa.

Majuma machache kabla ya onyesho, behewa la matangazo lilifika mjini likiwa limefungwa nyuma ya treni ya kawaida. Ndani mlikuwa na vitanda vya wabandikaji, rafu za mabango yaliyokunjwa, na bwela la mvuke la kupikia gundi ya unga wa ngano na maji. Alfajiri walikodi magari ya farasi, kila kundi na ndoo zake na brashi zake za mpini mrefu, wakashika barabara za mashambani. Mkulima ambaye ghala lake lilitazama barabara alipewa tiketi za bure ili wabandike ubavuni mwa ghala hilo. Tiketi hizo zilikuwa na sharti. Mkaguzi angepita siku za mbele, na akikuta bango limebanduliwa, au limefunikwa na la mshindani, tiketi zingekataliwa mlangoni. Basi mkulima akawa mlinzi wa tangazo bila mshahara, na watoto wake wakawa walinzi wakali kumshinda yeye.

Karatasi moja ya bango ilikuwa inchi 28 kwa 42. Kwa ukuta mkubwa waliunganisha karatasi 24, hata zaidi, mtu juu ya ngazi akizipanga moja baada ya nyingine mpaka tembo akapata miguu yote minne. Nyingi za zile nzuri zilichapwa kwa Strobridge wa Cincinnati, kwa njia ya litografia. Fundi alichora kwa kalamu ya mafuta juu ya bamba zito la jiwe la chokaa, jiwe bora likiagizwa kutoka Bavaria. Kila rangi ilikuwa na jiwe lake: nyekundu jiwe lake, njano jiwe lake, buluu jiwe lake. Karatasi ileile ikapita juu ya mawe yote kwa zamu, na ikikaa upande kidogo tu, midomo ya malkia wa farasi ingehamia shavuni. Mwaka 2015, huko Durand, Wisconsin, mwenye baa mmoja aliyekuwa akikarabati jengo lake alivunja ukuta akakuta bango la sarakasi la mwaka 1885, refu zaidi ya futi 50, limegandamana na mbao za jengo la jirani. Lilikuwa limebandikwa ili lidumu majuma mawili matatu.

Kwa mtu aliyeishi shambani mwaka 1880, asiye na sinema wala picha ukutani isipokuwa kalenda, siku ghala lake lilipogeuka kuwa nyekundu na dhahabu ilikuwa ni sikukuu tayari. Sarakasi yenyewe ingekuja na kuondoka siku moja. Bango angeishi nalo mwezi mzima, akilisoma kila apitapo na maziwa.

Sasa tufike uwanjani. Hema la pembeni liliwekwa kwa makusudi kwenye njia iendayo lango la hema kuu, ili asiwepo wa kupita bila kuliona. Mbele yake zilisimikwa nguzo, na katikati ya nguzo yakatundikwa maturubai yaliyopakwa rangi, marefu kuliko nyumba za wengi waliosimama chini yake. Mchoraji hakulazimika kumwona aliyemchora. Mchezea nyoka alichorwa amezingirwa na chatu mnene kama gogo. Ndani ungemkuta na nyoka wa unene wa mkono, amelala usingizi.

Chini ya maturubai palikuwa na jukwaa dogo. Bendi ilipiga, watu wakageuka, na mpiga debe akamtoa nje msanii mmoja, tuseme huyohuyo mchezea nyoka. Hakumwonyesha sana. Alimwacha afungue kikapu, amwinue nyoka hadi begani, kisha akamrudisha ndani kabla tendo halijaisha. Hapo ndipo pagumu. Watu wanatamani, lakini kila mmoja anaogopa kuwa wa kwanza kuonekana mshamba. Dawa yake ilikuwa imekwisha andaliwa: kati ya umati walikuwamo watu wa sarakasi waliovaa kama wakulima, na mpiga debe alipoanza kuuza tiketi, hao ndio waliosogea mbele, sarafu mkononi. Jirani akiona mgongo wa jirani unaondoka, naye huondoka. Unaweza kumsifu mpiga debe kwa ulimi wake mpaka kesho, lakini nadhani yule mwenzake mwenye kofia ya majani aliuza tiketi nyingi zaidi.

Na ile bendi? Mara nyingi ilikuwa ya Wamarekani weusi. Katika hema kuu hawakupewa nafasi. Hapa nje walitakiwa, kwa kuwa muziki wao ulisimamisha watu. Mwaka 1899 P. G. Lowery, mpiga koneti hodari, aliongoza bendi ya namna hiyo katika sarakasi ya Forepaugh na Sells. Kwa hiyo baadhi ya muziki mzuri kuliko wote uwanjani ulipigwa bure, kama chambo.

Ukishaingia ndani tangazo halikukuacha. Mwelezaji alipita kutoka jukwaa hadi jukwaa akisimulia, na msanii akauza kijitabu cha maisha yake na picha yake ndogo kwenye kadi. Charles Eisenmann, mpiga picha wa mtaa wa Bowery, New York, alijipatia riziki kwa picha hizo. Vijitabu ndivyo vinavyonifurahisha zaidi. Nora Hildebrandt alianza kuonyeshwa mwaka 1882, mwili umejaa tatuu, na simulizi yake ilidai kwamba zilichorwa kwa lazima, akiwa mateka wa Wahindi Wekundu, kwa amri ya chifu wao Sitting Bull. Aliyezichora alikuwa Martin Hildebrandt, fundi wa tatuu wa New York aliyetumia naye jina moja la ukoo. Kabla yake palikuwa na warembo wa Circassia, huko milima ya Kaukazi, ambao Barnum alianza kuwaonyesha katikati ya miaka ya 1860: wasichana waliodaiwa kuokolewa kutoka masoko ya watumwa ya Uturuki, nywele zao zimesimama kama wingu kuzunguka kichwa. Wengi walikuwa wasichana wa mjini. Nywele walizisimamisha kwa kuziosha na bia.

Usiwacheke upesi waliolipa. Tazama nguzo za umeme za Dar es Salaam au Nairobi leo: mganga anayetangazwa pale ni wa Sumbawanga, wa Pemba, wa Malawi, wa Nigeria. Mganga wa mtaa wa pili hana bango.

Tena watazamaji hawakuwa wajinga kama tunavyopenda kuamini. Mwaka 1884 Barnum alileta kutoka Burma tembo mweupe mtakatifu, Toung Taloung, kwa gharama kubwa. Mnyama akafika akiwa wa kijivu na mabaka ya waridi, kama tembo weupe wa kweli walivyo. Mshindani wake, Adam Forepaugh wa Philadelphia, akamtoa tembo wake mweupe kama maziwa. Alikuwa amempaka rangi. Mwandishi wa gazeti akampangusa kwa maji, siri ikatoka, magazeti yakachapa. Mabango ya pande mbili yakaitana mwongo kwenye kila ukuta, na watu wakafurika kwa wote wawili. Walitaka kujionea wenyewe nani anadanganya vizuri zaidi. Kuna starehe katika kudanganywa na fundi ukijua kwamba ni fundi, na senti 10 kwa starehe hiyo si ghali.

Hilo ni sawa, ikiwa anayepakwa rangi ni tembo, au msichana wa New York anayejiosha nywele kwa bia na kupokea mshahara wake Jumamosi. Sasa nifike kwetu, maana nadhani umeshajiuliza Afrika ilikuwa wapi katika biashara hii. Ilikuwa katikati kabisa.

Mapema mwaka 1860, miezi michache tu baada ya Charles Darwin kutoa kitabu chake juu ya asili ya viumbe, Barnum alitangaza onyesho aliloliita kwa swali: Ni Nini Hiki? Matangazo yalieleza kwamba kiumbe huyo alikamatwa karibu na Mto Gambia na watu waliokuwa wakiwinda masokwe, na yakamwuliza msomaji: ni mtu, ni mnyama, au ni kitu cha kati? Angalia ufundi wake. Anayeuliza hajadai, na asiyedai hawezi kushtakiwa kwa uongo. Kila aliyelipa akafanywa hakimu, na kila hakimu alitoka akiwa na hukumu yake ya kubishania nyumbani. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya William Henry Johnson, Mmarekani mweusi mzaliwa wa New Jersey, aliyejulikana baadaye kama Zip. Walimnyoa kichwa wakamwachia kishungi utosini, wakamvalisha nguo ya manyoya, na kazi yake ilimtaka asiongee. Alipofariki mwaka 1926 alikuwa bado kazini. Kutoka New Jersey hadi jumba la Barnum ni mwendo mfupi. Tangazo liliupitisha Gambia.

Januari 1879 jeshi la Wazulu liliwashinda Waingereza pale Isandlwana, habari iliyotikisa dunia. Kabla mwaka haujaisha, Farini, Mkanada ambaye jina lake halisi ni William Leonard Hunt, alikuwa akiwaonyesha Wazulu mjini London. Sarakasi za Marekani nazo zikataka Wazulu. Wa kweli hawakutosha, wakaajiriwa vijana weusi wa hukohuko Marekani, wakapewa ngao na mkuki na agizo la kupiga kelele zisizoeleweka. Fikiria hali yao: babu zao waling'olewa Afrika, wao wakazaliwa Marekani, wakanyimwa kazi nyingine nyingi, na sasa wanalipwa kurudi Afrika jioni kwa saa mbili.

Mwaka 1884 Barnum, akiwa amewaandikia mabalozi na mawakala sehemu nyingi za dunia, alifungua kile alichokiita mkutano mkuu wa makabila ya ajabu na ya kishenzi. Kati ya waliotangazwa walikuwamo wenyeji wa Australia, waliochukuliwa Queensland na wakala aitwaye Robert Cunningham. Mabango yaliwaita wala watu. Kijana mmoja kati yao, aliyepewa jina la Tambo, alifariki Cleveland, Ohio, Februari mwaka huohuo. Mwili wake haukuzikwa. Ulikaushwa kwa dawa ukaonyeshwa kwa kiingilio katika jumba la maonyesho mjini humo. Mwaka 1993 uligunduliwa kwenye chumba cha chini cha kampuni ya mazishi, na mwaka 1994 ndugu zake wa Palm Island, kisiwa cha Queensland, walimrudisha nyumbani wakamzika. Huyu hakuwa wa New Jersey. Umbali wake ulikuwa wa kweli, na ndiyo maana hapakuwa na ndugu karibu wa kuudai mwili.

Ni rahisi kuuliza kwa nini wasanii wenyewe hawakusema. Baadhi walisema. Januari 1899, sarakasi iliyoitwa Barnum na Bailey ikiwa London, wasanii wa hema la pembeni walifanya mkutano kulalamikia jina la dharau lililotumika kwenye matangazo, wakataka waitwe kwa jina la heshima. Magazeti yaliandika sana. Waliochunguza kisa hicho wanaamini kwamba afisa habari wa sarakasi alikuwa nyuma ya mkutano. Inawezekana malalamiko yalikuwa ya kweli, na inawezekana mkutano ulipangwa. Hayo mawili hayazuiani. Tiketi ziliuzwa.

Karne ilipogeuka, sinema ikaanza kuonyesha nchi za mbali, na madaktari wakaanza kuyapa majina ya maradhi yale ambayo maturubai yaliyaita maajabu. Biashara haikufa mara moja. Mwaka 1930 sarakasi ya Ringling, iliyokuwa imekwisha kuinunua ile ya Barnum na Bailey, ilileta New York wanawake Waafrika wenye midomo iliyopanuliwa kwa visahani. Walikuwa Wasara, watu wa upande wa Chad. Roland Butler, mtu wa matangazo wa sarakasi hiyo, hakulipenda jina hilo. Akafungua ramani ya Afrika akatafuta jina lenye mlio mzuri zaidi, akalipata: Ubangi. Ni jina la mto, na mto wenyewe uko mamia ya maili kutoka kwa wanawake hao. Butler alikiri baadaye kwamba alilichagua kwa sauti yake tu. Kati ya maelfu walioketi Madison Square Garden, ni wachache mno waliokuwa na njia ya kumsahihisha, na yeye alilijua hilo kabla hajaifunga ramani.